Anime za Mizimu, Majini na Mashetani: Ipi Uitazame, Ipi Uiache (Mwongozo Kamili kwa Watazamaji wa Tanga)

Mtoto wa Tanga hahitaji kufundishwa kwamba jini ana masharti. Anayekwenda kutambika kwenye Mapango ya Amboni haendi mikono mitupu, na aliyevunja mwiko hulipa hata kama hakuujua. Kipimo hicho ndicho tunachokitumia kuchagua anime (katuni za video za Kijapani) za mambo ya ghaibu: je, mizimu yake ina masharti, na je, masharti hayo yanashikiliwa mpaka mwisho? Anime inayoweka mwiko leo na kuuvunja kesho kwa sababu shujaa kazidiwa haistahili bando lako, hata picha zake ziwe nzuri namna gani. Yenye masharti makali inaweza kwenda polepole, isiwe na hata ngumi moja, na bado ikakukosesha usingizi.

Mwongozo huu ni wa anayetazama kwa simu au runinga ya nyumbani, kwa bando la kununua, usiku baada ya kazi au masomo. Majina ya anime tumeyaacha yanavyoandikwa ili uweze kuyatafuta.

Anza na hesabu ya bando na saa

Episodi moja ya kawaida ni dakika 24, na karibu dakika 3 kati ya hizo ni wimbo wa kufungulia na wa kufungia. Kwa ubora wa chini kwenye programu za kulipia, kadiria MB 300 kwa saa. Msimu wa episodi 12, ambao haufiki saa 5, utakula takriban GB 1.5. Mushishi yenye episodi 26 itakula kama GB 3. Bleach ya zamani, yenye episodi 366, ni zaidi ya saa 146 na karibu GB 44. Ukipandisha ubora hadi HD, zidisha mara tatu au zaidi.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanabana bando kwenye anime isiyofaa kubaniwa. Anime za kutisha zimejaa giza, na ubora ukishuka sana giza linageuka vipande vya kijivu vinavyochezacheza. Kile kivuli kilichosimama kwenye kona ya chumba, ambacho ndicho kitisho chenyewe, hukioni kabisa. Kwa hiyo bana kwenye zenye rangi kali na mistari minene kama Mob Psycho 100, na matumizi makubwa yaende Mononoke, Mushishi na Shiki. Zima pia ile hali ya simu inayofanya kioo kiwe cha manjano usiku. Inafifisha rangi za bluu na kijani. Na tumia spika za masikioni, hata za bei rahisi. Nusu ya kazi ya anime hizi iko kwenye sauti ndogo ndogo, na spika ya simu haizitoi.

Ukipakua kwenye programu, kumbuka vipakuliwa vina muda wa kuisha. Usijaze simu misimu minne ukidhani utaikuta mwezi ujao. Pakua unachoweza kumaliza wiki hiyo.

Kwa wanaotazama kwa flashi kwenye runinga, matatizo ni yale yale kila siku. La kwanza, episodi zinapangika vibaya: runinga nyingi husoma majina ya mafaili kwa herufi, kwa hiyo ya 10 inatangulia ya 2. Yape majina upya kwa 01, 02, 03 na kuendelea. La pili, unasikia sauti lakini picha haiji: faili limebanwa kwa mfumo wa H.265 na runinga yako ni ya zamani. Litazame kwenye simu au kompyuta kwa programu ya VLC, au tafuta la H.264. La tatu, sabtaito hazionekani: mafaili mengi ya MKV yana sabtaito za aina ya ASS ambazo runinga haizijui. VLC inazisoma. La nne, faili moja kubwa linakataa kuingia kwenye flashi ingawa nafasi ipo: flashi imefomatiwa FAT32, na hiyo haipokei faili linalozidi GB 4. Ifomati kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo, lakini hakikisha kwanza kwamba runinga yako inasoma exFAT.

Kuhusu muvi zilizotafsiriwa na ma-DJ: kwa anime za mapigano zinavumilika, na DJ mzuri huongeza raha. Kwa anime za mizimu tunakushauri uziache. DJ anajaza kila kimya, na kimya ndicho kinachobeba Mushishi. Ukikiondoa, unabaki na mtu anayetembea porini.

Jaribio la episodi tatu

Tazama episodi tatu, kisha chukua karatasi uandike majibu ya maswali matatu. Mzimu huyu anataka nini? Mwiko wake ni upi? Anayeuvunja analipa nini? Ukishindwa kujibu mawili kati ya matatu, achana nayo.

Mfano bora wa kujifunzia ni Death Note (2006, episodi 37). Mpaka episodi ya kwanza iishe umeshajua: anayeandikwa jina kwenye daftari hufa, mwandishi lazima awe na sura ya mtu huyo akilini, sababu ya kifo isipoandikwa ndani ya sekunde 40, moyo unasimama. Utamu wote unatoka kwa watu wawili wenye akili wanaotafuta upenyo ndani ya masharti hayo, bila kuyavunja. Baada ya episodi ya 25 nguvu inapungua, wahusika wapya hawana uzito wa waliotangulia, lakini masharti hayaguswi. Ndiyo maana tunasema imalize.

Jaribio hili lina anime mbili za kuzipa msamaha. Shiki (2010, episodi 22) inaanza taratibu mno: kijiji kidogo, joto la kiangazi, watu wanakufa mmoja mmoja, daktari haelewi. Ipe episodi nane. Sharti lake la msingi ni kwamba wafu hawaingii nyumba ambayo hawajakaribishwa, na jinsi sharti hilo linavyotumika dhidi ya majirani wema ndiko kunakofanya nusu ya pili iume. Nyingine ni Mononoke, ambayo haipimwi kwa episodi tatu bali kwa kisa kizima.

Tatu za kuanzia, na namna ya kuzitazama

Mushishi (2005) ni kazi ya studio ya Artland chini ya mwongozaji Hiroshi Nagahama, kutoka katuni za vitabuni (manga) za Yuki Urushibara. Ginko, mwanaume mwenye jicho moja, anazunguka vijijini akiwatibu watu walioingiliwa na mushi, viumbe ambavyo si wanyama wala mizimu kamili. Si wabaya. Wanaishi tu, na kuishi kwao kunamdhuru binadamu aliye karibu. Ginko mwenyewe anawavuta, ndiyo maana hawezi kukaa mahali pamoja na ndiyo maana kila wakati anavuta sigara: moshi unawafukuza. Anayejua kazi ya mafusho atamwelewa haraka sana.

Kila episodi ni kisa kinachojitegemea, kwa hiyo usiimeze kwa mkupuo. Episodi moja kwa usiku, mbili zikizidi. Ukitazama tano mfululizo zinachanganyika, na utasema inachosha. Kosa litakuwa la mwendo wako. Kwa mtu wa pwani, episodi ya 8 ina uzito wa pekee: mwanaume anakaa ufukweni akimsubiri mkewe aliyepotea kwenye ukungu baharini. Usiruke mwisho wa episodi, kwa sababu kila moja ina muziki wake wa kufungia. Msimu wa pili, Mushishi Zoku Shou, ulitoka 2014 na haujashuka hata hatua moja.

Natsume Yuujinchou (ilianza 2008, msimu wa saba ulitoka 2024) ndiyo ya kumpa mtu anayeogopa anime za mizimu. Natsume amerithi daftari la bibi yake Reiko, lenye majina ya mizimu aliyoishinda. Anayeshika jina ana amri juu ya mwenye jina. Natsume anataka kuyarudisha, na utaratibu ni ule ule kila mara: anafungua ukurasa, anautia mdomoni, anapiga makofi, anapuliza, na jina linarudi kwa mwenyewe likiwa wino unaotiririka hewani. Kila jina likirudi, tunaona kumbukumbu za bibi.

Episodi ya 2 ya msimu wa kwanza ndiyo ya kumwonyesha mtu yeyote anayedai haya ni mambo ya watoto. Kuna mungu mdogo wa kibanda cha njiani ambaye zamani alikuwa na umbo kubwa. Watu walipoacha kuja kumwomba, akawa anapungua, akapungua, mpaka sasa ni wa kukaa kiganjani, na aliyebaki kumletea sadaka ni bi kizee mmoja tu. Hakuna anayepigana. Hakuna kelele. Anayetoka Amboni au Tongoni, aliyewahi kuona mahali palipokuwa na watu wengi pakibaki na wachache, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Unaweza kuitazama na bibi au wadogo zako bila wasiwasi. Tatizo lake ni moja: misimu inafanana, kwa hiyo maliza wa kwanza, pumzika, kisha endelea.

Ya tatu ni Mononoke ya 2007, episodi 12, studio ya Toei, mwongozaji Kenji Nakamura. Usiichanganye na filamu ya Princess Mononoke ya 1997, hazina uhusiano. Hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote kwa upande wa masharti. Muuza dawa asiye na jina ana upanga wa kuua mizimu, lakini upanga hauchomoki mpaka ajue mambo matatu: umbo la mzimu, tukio lililouzaa, na kilichomo moyoni mwake. Kwenye mpini kuna kichwa chenye meno, na kila jambo moja likithibitishwa, meno hayo yanagonga. Ta! Kwa hiyo kila kisa ni uchunguzi. Watu waliofungiwa pamoja wanadanganya, na uongo wao ndio unaorefusha mateso.

Visa ni vitano: episodi 1 hadi 2, 3 hadi 5, 6 hadi 7, 8 hadi 9, na 10 hadi 12. Tazama kisa kizima kwa kikao kimoja. Ukikata katikati unapoteza ushahidi. Kisa cha kwanza kina mambo ya mimba na danguro, si cha watoto. Tunashauri mtu wa Tanga aanze na cha pili, cha melini. Jahazi linapotezwa njia hadi kwenye bahari ya mashetani, na kiumbe cha baharini kinamuuliza kila abiria jambo moja: unaogopa nini kuliko vyote? Jibu la kila mmoja linamrudia. Visa havitegemeani, kwa hiyo kuanza na hiki hakuharibu chochote.

Onyo la kweli: picha zake zina marembo kama kanga zilizotandikwa ukuta mzima, na sabtaito zinapita kasi. Mara ya kwanza utapotea. Rudisha nyuma bila aibu.

Za mapigano

Mob Psycho 100 kwanza, kabla ya zote. Misimu mitatu (2016, 2019, 2022), episodi 37, na hadithi imeisha. Kijana mwenye nguvu za ajabu anafanya kazi kwa Reigen, mganga wa uongo anayefukuza mapepo kwa chumvi ya mezani na kuwakanda mabega wateja. Reigen hana uwezo wowote wa ghaibu, lakini ushauri wake kwa kijana ni wa maana kuliko wa wenye nguvu wote. Itazame kwa mpangilio wa miaka, usiruke kitu.

Jujutsu Kaisen inafuata. Yuji Itadori anameza kidole cha Sukuna, mfalme wa laana, na kuwa kiti chake. Vidole viko 20, na mpango ni avimeze vyote kisha auawe. Hilo ni sharti zito, na linawekwa mapema. Kinachopendeza ni kwamba mpiganaji akimweleza adui namna mbinu yake inavyofanya kazi, mbinu inapata nguvu zaidi, kwa hiyo maelezo katikati ya vita yana sababu. Mpangilio: msimu wa 1 wote (episodi 24), filamu ya Jujutsu Kaisen 0, kisha msimu wa 2 wa 2023 (episodi 23). Wengi wanaanza na filamu kwa sababu matukio yake yametangulia. Wanakosea: filamu inadhani unamjua tayari Gojo, mwalimu wa Yuji. Episodi tano za mwanzo za msimu wa 2 ni za miaka ya nyuma, usishtuke kuona wahusika wakiwa vijana. Kuelekea mwisho wa msimu huo masharti yanarundikana mpaka yanazidi kiasi, na hapo tunaipunguzia alama.

Demon Slayer tunaiweka chini ya hizo mbili, tukijua wengi hawatakubali. Studio ya Ufotable imefanya kazi kubwa ya picha, lakini mashetani yake yanakufa kwa kukatwa shingo kwa upanga maalumu au kwa jua, na mpaka mwisho wa msimu wa kwanza umeshaona ufundi wote wa hadithi. Jambo la kuokoa bando: baada ya episodi 26 za mwanzo, kuna filamu ya Mugen Train (2020), na kisa hicho hicho kimekatwa kuwa episodi 7 za runinga, ya kwanza ikiwa mpya. Chagua kimoja. Filamu ni bora.

Dandadan (2024) ina kasi na ubunifu, na episodi ya 7 inaweza kumliza mtu mzima. Lakini episodi ya 1 ina tukio la msichana kuvuliwa nguo na viumbe wa angani, na utani wake mwingi ni wa chini ya kiuno. Usiifungue sebuleni mbele ya wazazi.

Summer Time Rendering (2022, episodi 25) haisemwi inavyostahili. Kijana anarudi kisiwani kumzika rafiki yake, anakuta vivuli vinanakili watu na kuchukua nafasi zao. Kivuli kina udhaifu mmoja unaoonekana chini, ardhini. Imeisha kabisa ndani ya episodi 25, haihitaji msimu mwingine.

Za kuacha, au kukatisha njiani

Tokyo Ghoul: tazama msimu wa kwanza (2014, episodi 12) kisha funga. Msimu wa pili, Root A, uliacha njia ya katuni ya Sui Ishida, halafu wa tatu ukarudi kwenye katuni kana kwamba hakuna kilichotokea. Matokeo yake hakuna anayeelewa kitu. Soma katuni tangu mwanzo.

The Promised Neverland: msimu wa kwanza (2019) ni moto, watoto yatima dhidi ya mashetani. Wa pili (2021) uliruka sehemu kubwa za katuni na kumalizia kwa picha za mbio mbio. Uache.

Uzumaki (2024) ni episodi 4 tu, nyeusi na nyeupe, na mwongozaji ni yule yule Nagahama wa Mushishi. Episodi ya kwanza ni ya ajabu. Kuanzia ya pili michoro inaporomoka vibaya. Tazama ya kwanza, kisha nenda kwenye katuni yenyewe ya Junji Ito. Junji Ito Collection ya 2018 usiiguse kabisa. Ubora wa Ito uko kwenye mstari wa kalamu, na humo mstari huo haupo.

Jigoku Shoujo (2005) ina sharti zuri: unamtuma adui yako motoni, na wewe utamfuata siku ukifa. Ila kisa kinajirudia kwa muundo ule ule. Episodi nne zinatosha.

Mieruko-chan ina wazo zuri, msichana anayeona mizimu na kujifanya haoni, ila kamera haibanduki kwenye mwili wa mtoto wa shule. Hatuipendekezi.

Bleach usiitupe, ikate. Ruka episodi 64 hadi 108, 168 hadi 189, 230 hadi 265, na 317 hadi 342. Hizo ni hadithi zilizobuniwa wakati katuni inasubiriwa, na kuziruka hakukupotezi. Jumla ni episodi 129, karibu saa 52 na zaidi ya GB 15 zinazookolewa. Kisha nenda Thousand-Year Blood War ya 2022.

Kutazama kwa kundi

Kundi la watu wanne au watano linahitaji mtu mmoja wa kusoma sabtaito na kuzieleza kwa Kiswahili kwa wasiosoma Kiingereza. Mpe rimoti yeye, ili asimamishe anapohitaji. Kazi hii inawezekana kwa Natsume na Mushishi, ambako watu wanaongea kidogo. Kwa Mononoke haiwezekani mpaka msomaji awe ameshaitazama peke yake.

Nyumbani, heshimu saa. Wazee wengi hawataki sauti za mizimu wakati wa magharibi, na watoto wameambiwa saa hiyo wawe ndani na watulie. Anza baada ya isha. Na usimwache mdogo wako na anime kwa sababu tu ni katuni: Natsume ni ya wote, Mushishi kuanzia miaka 12 hivi, Death Note na Jujutsu Kaisen kuanzia 15, Shiki kwa wakubwa zaidi, na Devilman Crybaby ni ya watu wazima peke yao.

Umeme ukikatika katikati ya kisa cha Mononoke, anzeni kisa upya siku nyingine. Kwa Mushishi endeleeni mlipoishia.